Jozani au Ngezi: Siku Moja ya Demani kwa Mwenye Kutaka Kuona Wanyama

Kusi inapolegea na bahari ikatulia, kuanzia mwezi wa Septemba mpaka vuli inapochanganya kwenye Novemba, watu wa Visiwani huwa katika demani, msimu ambao jua si kali kama la kaskazi, njia za mashamba hazijageuka matope kama za masika, na mvua ikija hunyesha ikapita. Ndiyo miezi ambayo familia, walimu wa skuli na jamaa waliokuja kwa harusi huulizana wapi pa kwenda kushinda siku nzima. Kwa wale wanaotaka kuona wanyama na si kuogelea tu, masuali yao huishia kwenye majina mawili: Jozani ya Unguja na Ngezi ya Pemba.

Wengi huzilinganisha safari hizi kwa uzuri wa misitu yenyewe, na hapo hawafiki mbali, kwa sababu kila msitu ni mzuri kwa namna yake na hakuna mizani ya kuupimia. Kipimo ninachokiona kuwa na faida zaidi ni saa. Mnyama mkuu wa Jozani ni wa mchana na amekwisha kuwazoea watu. Mnyama mkuu wa Pemba hushinda amening'inia kichwa chini, na safari yake huanza wakati msafiri wa siku moja anatafuta gari ya kurudia nyumbani. Anayepanga siku yake bila ya kulijua hilo anaweza kwenda Pemba na kurudi akasema kwamba hakuona kitu, ilhali kosa halikuwa la Pemba.

Tofauti ya wanyama wa visiwa hivi imetokana na bahari. Maji yanayoitenga Unguja na Bagamoyo ni mafupi, kiasi kwamba katika zama za barafu, bahari ilipokuwa imeshuka sana, kisiwa hiki kilikuwa sehemu ya bara, na kilibaki peke yake maji yalipopanda, kiasi cha miaka 10,000 iliyopita. Wanyama wake kwa hiyo ni wana wa bara waliofungiwa njia: kima punju, paa nunga, komba, na yule chui wa Unguja ambaye wazee hawamtaji bila ya kuwataja wachawi waliosemwa kwamba wakimfuga, na ambaye wataalamu wengi wanaamini ametoweka. Mkondo wa Pemba ni jambo jengine. Kina chake kinapita mita 800, na kisiwa kimetengana na bara kwa muda mrefu mno kuliko Unguja, hata wanyama wengi waliofika huko ni wale waliofika kwa mbawa, kwa kuchukuliwa na maji au kwa kuletwa na binadamu. Ndiyo maana mwenye kutafuta wanyama wa miguu minne hupata zaidi Unguja, na mwenye kutafuta ndege na popo hupata Pemba vitu ambavyo havimo popote pengine duniani.

Jozani, mnyama anapokuja mwenyewe

Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, nayo ina eneo la kilomita za mraba 50 hivi, kwenye shingo ya kisiwa iliyobanwa na ghuba mbili. Iko kiasi cha kilomita 35 kutoka Mjini. Njia hupita Tunguu na Bungi, penye miembe mikongwe ambayo wenyeji huihusisha na Bi Khole, binti wa Seyyid Said, kisha Pete, na baada ya Pete ni mlango wa hifadhi. Daladala za Makunduchi na Jambiani hupita hapo hapo, kwa hiyo mtu asiye na gari hana udhuru. Barabarani kuna matuta yaliyowekwa makusudi kupunguza mwendo wa magari, kwa sababu kima punju huvuka kutoka msituni kwenda mashambani bila ya kutazama huku wala huku, na wengi walikuwa wakigongwa.

Kima punju mwenyewe ndiye sababu ya safari. Mgongo wake ni mwekundu, mikono yake myeusi, na nywele nyeupe zimemzunguka uso kama mzee aliyeamshwa usingizini. Mkono wake una vidole vinne tu, kwa kuwa kidole gumba kimebaki kama kijinundu. Jina lake la kitaalamu linatokana na John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza hapa Zanzibar katika karne ya 19, lakini jina lake la Kiswahili halimpambi hata kidogo, kwani punju ni sumu, na wako waliosema kwamba mti anaoula hufa na mbwa anayemla hunyonyoka manyoya. Leo mnyama huyo huyo ndiye anayeleta fedha za mlangoni, ambazo sehemu yake hurudi kwenye vijiji vinavyouzunguka msitu.

Jambo ambalo mwongozaji atakuonesha, na ambalo watoto hawalisahau, ni chakula chake. Tumbo la kima punju lina vyumba kama la mbuzi, na halivumili matunda matamu yaliyoiva. Yeye hula majani machanga, vichipukizi na matunda mabichi. Majani ya mwembe na ya mkungu yana dawa nzito ndani yake ambazo zingemdhuru, na kima punju wa mashambani wamejifunza kutafuna mkaa, wakiuokota kwenye matanuri ya zamani na kwenye visiki vilivyoungua, ili uzinyonye dawa hizo. Watafiti waliliandika jambo hili katika miaka ya 1990, na hadi leo, ukibahatika, utamuona kima amekaa juu ya tawi akitafuna kipande cheusi kwa utulivu wa mtu anayekula kashata.

Kuna na kisa cha nazi, ambacho ninakitaja kwa sababu mara nyingi husikika humo njiani. Wakulima wa jirani walilalamika kwa miaka mingi kwamba kima punju wanamaliza vidaka vya minazi yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ukaonesha kwamba minazi waliyokula zaidi haikuzaa kidogo kuliko mengine, maana vidaka vingi vingeanguka vyenyewe tu. Sina hakika kwamba kila mkulima ameridhika na jibu hilo, na nisingependa mgeni alitumie kubishana na mwenye shamba. Lililo wazi ni kwamba idadi yao ilipohesabiwa upya kwa makini, matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalikuta kima zaidi ya 5,800, mara tatu hivi ya walivyokuwa wakidhaniwa, na wengi miongoni mwao, ingawa si wote, wanaishi ndani ya maeneo yaliyohifadhiwa.

Kwa ajili ya ulinganisho huu, la muhimu ni urahisi. Makundi yaliyo karibu na barabara, upande wa mashambani, yamezoea watu kiasi kwamba mtu asiyeweza kutembea mwendo mrefu, bibi wa miaka 70 kwa mfano, anaweza kuwaona ndani ya nusu saa tangu ateremke garini. Sharti ni kukaa mbali nao kiasi cha mita tatu, kutowalisha, kutowagusa, na kutokwenda kabisa ikiwa una mafua, kwani maradhi yetu yanawapata. Wenye kamera huvunja sharti la kwanza kila siku, na waongozaji, kwa haya au kwa kutumai bakhshishi, hawawakemei inavyotakiwa.

Msitu wenyewe, ukivuka barabara kuingia ndani, una hali nyengine kabisa. Maji ya ardhini yako juu, mawe yako chini kidogo tu ya udongo, na kwa hiyo mizizi hutambaa juu badala ya kuzama. Miti mikubwa huanguka wakati wa upepo ikabaki imelala na kuchipua upya. Utaona mitondoo, michikichi na mikadi, na juu kivulini huenda ukamuona kima wa kawaida, yule wa kijivu, ambaye ni mwoga zaidi kuliko punju. Paa nunga yumo, lakini usimuahidi mtoto kwamba atamuona. Ni mnyama mdogo mwenye haya, adimu duniani, na mimi kwa safari zangu zote nimeona alama za kwato tu.

Sehemu ambayo wengi huiharakisha, na ambayo kwangu mimi inastahili saa nzima, ni ile ya mikoko upande wa Pete, penye daraja la mbao linalopita katikati ya miti. Hapa lazima mtu aijue bahari. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa kiasi cha saa nne asubuhi na hujaa kiasi cha saa kumi alasiri. Ukifika asubuhi utaona tope tupu, mizizi ya mkoko iliyosimama kama miguu ya meza, kaa wekundu wanaoingia na kutoka mashimoni, na ukifika alasiri utaona maji yamefika chini ya mbao na samaki wadogo wanapita baina ya mizizi. Zote mbili ni nzuri, ila si kitu kimoja. Mwongozaji mzuri atakutofautishia mkoko na mkandaa, muia na mchu, na atakwambia ni upi uliokuwa ukikatwa boriti za nyumba za Mji Mkongwe. Kituo cha vipepeo kilichopo Pete kinafaa kwa watoto wadogo, na kwa mtu mzima dakika 20 zinatosha.

Aibu ya Jozani ni watu. Kuanzia saa nne mpaka saa saba mchana mabasi ya mahoteli huteremsha makundi kwa makundi, na kundi la kima 30 huzungukwa na wageni 60. Demani kuna afueni kuliko Julai na Agosti, lakini si kubwa sana. Dawa yake ni kuwa mlangoni unapofunguliwa asubuhi, wakati kima wanakula bado na hawajaanza kulala usingizi wa mchana, au kuingia alasiri baada ya mabasi kuondoka.

Pemba, njia ikiwa nusu ya safari

Waarabu wa kale waliiita Pemba Al-Khadhraa, kisiwa cha kijani, na mtu anayetoka Unguja hulifahamu jina hilo mara tu anapoiacha Chake Chake kuelekea kaskazini. Unguja, ukiondoa vilima vichache vya upande wa magharibi, ni tambarare, na nusu yake ni maweni. Pemba ni vilima na mabonde, kilima juu ya kilima, na kila bonde lina shamba lake: mpunga wakati wa masika, na katika miezi hii ya demani viazi vitamu, mboga na tungule penye maji. Juu ya vilima ni mikarafuu. Ikiwa mwaka ni wa mazao, barabara yote ya Wete na Konde hunuka karafuu, majamvi yametandazwa pembezoni, na kila wingu linapojitokeza watu hutoka mbio kukunja walichoanika. Sijui bonde lolote la Unguja linaloweza kushindana na mandhari haya, na mwenye kutaka kuona nchi pamoja na wanyama wake asisumbuke kufikiri zaidi: aende Pemba.

Tena mabonde hayo si mapambo tu. Asubuhi na mapema yangeyange na korongo huteremka kwenye maji ya mashamba, na ukisimamisha gari juu ya kilima, ukazima mashine na kungoja robo saa, utaona zaidi kuliko unavyoona ukipita kwa mwendo. Njia ya zamani ya Chake kwenda Wete, inayopinda kila baada ya hatua, inafaa zaidi kwa kazi hii kuliko ile mpya, ingawa dereva wako atanung'unika.

Msitu wa Ngezi uko kaskazini magharibi, kwenye shingo ya rasi ya Kigomasha, kilomita chache baada ya Konde, na barabara ya udongo inapita ndani yake. Ni baki ya msitu uliokuwa umefunika sehemu kubwa ya Pemba kabla ya mikarafuu. Miti yake ni mirefu kuliko ya Jozani: mivule, mijoho, na chini yake mpapindi, mti wa jamii ya minazi ambao asili yake ni Pemba peke yake. Kivuli ni kizito hata saa sita mchana mtu huhisi jioni. Anayetoka Jozani hushangaa kwa ukimya, maana mara nyingi mtakuwa nyinyi na mwongozaji wenu tu.

Lakini ukimya huo una gharama yake. Ngezi haimtoi mnyama mbele ya mgeni. Utaona tumbili, labda chonjwe, mnyama wa jamii ya nguchiro, akikatiza njia, na paa mdogo wa Pemba kwa nadra. Kilichobaki ni ndege, na ndege wanahitaji masikio, subira na darubini. Wanne ni wa Pemba tu: ninga wa Pemba, ambaye ni aina ya njiwa, chozi wa Pemba, kindege kidogo cha manjano chenye duara jeupe kuzunguka macho, na bundi mdogo wa Pemba. Ninga na chozi si wagumu kuwapata, na chozi utamuona hata kwenye mikarafuu na bustani za Chake. Yupo pia tumbusi mla chikichi, mweupe na mweusi, ambaye Pemba ni mmoja wa mahali pazuri pa kumuona. Bundi ndiye mtihani. Mchana hulala kwenye majani mazito. Baada ya magharibi huanza kuita kwa sauti moja fupi, akanyamaza, akaita tena, na mwenziwe akamjibu upande wa pili wa njia. Kumsikia ni rahisi, ila kumuona ni riziki.

Kuna kitu kimoja kinachoziunganisha safari hizi mbili, na watu wachache wanakijua. Katika miaka ya 1970 kima punju 14 walichukuliwa kutoka Unguja wakaletwa Ngezi, na kizazi chao kidogo kimeendelea kuwamo. Hata hivyo asije mtu Ngezi kwa ajili yao, kwa sababu hawakuzoeshwa watu na msitu ni mkubwa kwao.

Mnyama mkuu wa Pemba, kwa rai yangu, hayumo Ngezi peke yake. Popo wa Pemba, ambaye hukuti pahali pengine popote, ana mbawa zinazoweza kufika mita moja na nusu na zaidi zikikunjuliwa, manyoya mekundu ya kahawia, na uso unaofanana na wa mbwa mdogo kuliko wa popo wa darini. Hali yake ilikuwa mbaya: mwishoni mwa miaka ya 1980 uwindaji na ukataji wa miti mikubwa ulikuwa umemfikisha karibu na kutoweka, kwani nyama yake ilikuwa kitoweo na bunduki zilikuwa zimerahisisha kazi. Kilichomuokoa ni vijiji vyenyewe. Kuanzia miaka ya 1990 wanavijiji waliunda klabu za kumlinda, wakazuia uwindaji kwenye miti anayolala, na makadirio ya miaka ya 2000 yakamuweka kwenye 20,000 hivi. Kidike, kaskazini ya Chake Chake, ndipo palipo maarufu zaidi, na panasimamiwa na wanakijiji.

Ukifika Kidike saa tisa alasiri utaona miti imejaa kitu kinachofanana na matunda makubwa meusi, na kelele zao hazikomi: wanagombana, wanajipepea kwa ubawa mmoja kwa sababu ya joto, mmoja anahama tawi na kumi wanamtukana. Hilo peke yake linatosha kumfurahisha mtu. Ila ukiwa na subira hadi jua linapotua, saa kumi na mbili na robo hivi kwa miezi hii, utawaona wanaachia matawi mmoja mmoja, kisha kumi kumi, kisha mbingu yote inajaa mbawa zinazokwenda polepole, kila kundi likielekea upande wake kwenye mashelisheli na miembe. Demani ndipo embe za mwanzo zinapokaribia, na wenye miembe wanalijua hilo kuliko mtaalamu yeyote. Watu wa Kidike watakueleza kwamba popo ndiye anayepanda misitu, kwa kuchukua chavua na kuzitawanya mbegu, na watakueleza bila ya kuombwa.

Saa, njia na mfuko

Kwa anayeishi Unguja, Jozani ni safari ya siku moja yenye nafasi tele: mtu anaweza kutoka Mjini saa moja asubuhi, akawaona kima, akaupita msitu na mikoko, akala mchana Paje au Kizimkazi, na kuwa nyumbani kabla ya laasiri. Kwa fedha pia ndiyo nafuu, kwa sababu nauli ya daladala ni ndogo na mlangoni mwenyeji halipi kama mgeni. Pemba kutoka Unguja kwa siku moja inawezekana kwa ndege, nusu saa tu hewani hadi uwanja ulio karibu na Chake Chake, lakini ndege ya kurudi itakuondoa kabla ya magharibi, yaani kabla ya popo kuruka na bundi kuita. Utakuwa umelipa bei kubwa kununua nusu ya bidhaa. Boti nayo inakula saa nyingi, na ikikuteremsha Mkoani basi ujue kwamba Ngezi iko mwisho wa pili wa kisiwa chenye urefu wa kilomita 67 hivi. Ushauri wangu kwa mtu wa Unguja ni kwamba Pemba asiende bila ya kulala usiku mmoja angalau, na usiku wenyewe uwe wa Wete au Chake.

Kwa anayeishi Pemba, au aliyekwenda huko kwa shughuli nyengine, hesabu inageuka. Hapo siku moja inatosha kabisa, ikipangwa vizuri: kutoka Chake alfajiri baada ya sala, kusimama mabondeni jua likichomoza, kuwa Ngezi saa mbili wakati ndege wanaimba bado, kula mchana Vumawimbi ambako pwani yake nyeupe huwa haina mtu, kupitia Wete kununua halua, na kufika Kidike saa kumi. Mpango huu unakupa popo na unakunyima bundi. Hakuna njia ya kuwapata wote wawili kwa siku moja, kwa kuwa wote huanza saa ile ile na baina yao kuna zaidi ya saa moja ya njia. Mimi ningechagua popo, isipokuwa msafiri awe ni mtu wa ndege hasa, ambaye hapo atashinda mashariki ya rasi na kubaki Ngezi usiku, akiwa amekubaliana na mwongozaji mapema.

Gari ndiyo sehemu dhaifu ya safari ya Pemba. Daladala hufika Konde, lakini kutoka hapo hadi msituni itakubidi utafute bodaboda au utembee, na kusimama mabondeni huwezi. Mara moja tulikodi gari ambayo mwenyewe aliahidi kuja saa kumi na moja alfajiri, akaja saa mbili na nusu kwa kuwa njiani alikubali kupeleka vyombo vya harusi. Tulifika Ngezi saa nne na nusu, msitu umenyamaza, na mwongozaji akatwambia kwa upole kwamba ndege nao wana ratiba zao. Tangu siku hiyo hulipa nusu tu kabla, na nusu ya pili nikishafika. Siku ya Ijumaa, kote kuwili, ni bora kuiepuka au kuipanga kuwa ya nusu siku, maana waongozaji na madereva wataisimamisha kazi kwa ajili ya sala, na ni haki yao.

Mvua ya vuli inapokuja, Jozani ndiyo inayostahamilika zaidi. Kima watakaa wamejikunyata juu ya matawi, lakini watakuwapo, na daraja la mikoko linapitika, ingawa mbao huteleza na mzee ashikwe mkono. Ngezi ikinyesha, barabara ya udongo huharibika, ndege hutulia, na mbu huamka. Dawa ya mbu na viatu vya kufunika vidole si vya kusahau. Popo hawajali manyunyu, ila mvua kubwa wakati wa magharibi huweza kuwachelewesha.

Kwa familia yenye watoto wadogo na wazee, kwa darasa la skuli, na kwa mgeni aliye na siku moja tu Unguja, sioni sababu ya kusita: ni Jozani, asubuhi na mapema, na mikoko isirukwe. Anayekwisha kuiona Jozani mara mbili na ambaye bado anaisikia Pemba kwa masimulizi tu, aweke akiba ya siku mbili. Na wanaofikiria Kiwengwa, penye msitu na mapango, waichukue kama nyongeza ya siku ya pwani ya kaskazini. Kima punju wamo, lakini kuwaona hakuna uhakika wa Jozani.

Wanafunzi wakubwa wa biolojia ni suali gumu kidogo. Mwalimu atapenda Jozani kwa sababu ya usalama na gharama, na atakuwa na hoja. Lakini somo la jinsi kisiwa kinavyozaa viumbe vyake peke yake linaeleweka Pemba kwa urahisi zaidi, kwa sababu mtoto anaweza kusimama Kidike, akatazama juu, na kuambiwa kwamba kila mnyama wa aina hii aliye hai duniani analala juu ya kisiwa hiki. Kama skuli iko Pemba, basi na waanze kwao. Walimu wawaandikie wasimamizi wa Kidike mapema, wawafikishe watoto saa tisa na nusu, wawape maji, wawakataze kupiga makofi na kurusha mawe ili popo waruke, kwani kila kuruka kwa mchana ni nguvu iliyopotea bure, na wawe na gari itakayokubali kungoja mpaka giza liingie.